Mlio Mmoja kwa Bi Nyusi

Bi Nyusi amekufa. Niliisoma habari hiyo saa moja na nusu asubuhi, chai ikiwa bado hainyweki kwa moto, na jambo la kwanza nililofanya halikuwa kumwombea. Niliiweka simu mezani nikaitazama, nikingoja ilie mara moja na kukatika.

Haikulia.

Nieleze, maana nikiiacha hapo mtasema mzee huyu amerukwa na akili. Bi Nyusi alikuwa mcheza filamu wa Kihindi, tena si mdogo. Jina lake halisi lilikuwa refu, na watu wa Mombasa wa miaka ya sabini hawakuwa na subira ya majina marefu. Kila nyota aliyeletwa kwenye sinema yetu walimbatiza upya. Kulikuwa na Baba Kikohozi, aliyecheza baba maskini katika kila picha, akakohoa tangu mwanzo hadi mapumziko, kisha akafa na kumwachia mwanawe kiapo. Kulikuwa na Jambazi Kiatu, ambaye alionyeshwa viatu kabla ya uso, na ukumbi mzima ukaanza kumzomea kabla hajafungua mdomo. Na Bi Nyusi yeye angeweza kukataa posa, kumfukuza mwenye nyumba na kumsamehe mume mlevi, yote kwa nyusi tu.

Mimi nilikuwa mchora mabango wa sinema hiyo. Nilimchora Bi Nyusi kwenye mbao pana kama mlango wa gereji, nimesimama juu ya ngazi, jua la saa sita likinipiga kisogoni. Kila Alhamisi nilipaka rangi nyeupe juu ya uso wa wiki iliyopita nikaanza mwingine. Nyusi zake nilizijua kuliko za mke wangu, na mke wangu hakuacha kunikumbusha. Aliyeendesha mashine ya picha alikuwa Chaman, kijana wa Kihindi aliyezaliwa Makadara na kuzungumza Kiswahili cha kututukana sote bila kukosea. Wakati wa mapumziko alishuka, tukakaa ngazi za nyuma tukala bajia za kunde na chatne ya nazi, tukabishana nani atakufa kabla ya picha kwisha.

Chaman alikuja London mwaka wa themanini na moja, na pasipoti ya Kiingereza mfukoni. Mimi nilimfuata miaka tisa baadaye nikiwa na sanduku moja na anwani yake. Nililala miezi minane sebuleni kwake Queensbury, chini, kati ya kochi na televisheni. Mkewe Indu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniruka kwa miguu asubuhi akienda kazini, na jioni akanipakulia wali wa dengu kabla ya kumpakulia mumewe. Baadaye nikawa dereva wa basi, Chaman akawa karani wa posta. Mke wangu, aliyenifuata baadaye, alikwenda Mombasa kwa mwezi mmoja mwaka 2009, na mwezi huo haujaisha mpaka leo.

Sasa ile sheria ya simu. Simu za mkononi zilipoanza, sisi tulikuwa kama watu wengine wa kwetu, hatupigi, tunabipu. Unaiacha ilie mara moja, unakata, mwenzako anakupigia. Mimi na Chaman tukaifanya kuwa sheria. Akifa mmoja wa nyota wetu, atakayesikia kwanza ambipu mwenzake mlio mmoja. Aliyebipiwa lazima apige, tena lazima akisie ni nani, na ana nafasi tatu. Akishindwa zote, yeye ndiye mleta bajia. Kisha tunamzungumza marehemu saa nzima, picha kwa picha, mpaka sauti zikauke. Siku hizi kupiga simu ni bure, lakini sheria hatukuibadilisha. Tangu Indu afariki miaka minne iliyopita, na mimi sina mtu, nyumba zetu mbili zilikuwa zikiishi kwa mlio huo.

Halafu tukagombana.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tisa. Nguzo za taa zilikuwa zimeanza kufungwa bendera za Uingereza, na watu wakapita chini yake wakijidai hawajui zinamwambia nani nini. Nikashuka Queensbury, na dirishani kwa Chaman nikaona karatasi ya kile chama kinachotaka wageni warudishwe kwao.

"Nani kabandika hii?" nikamuuliza.

"Mwenye nyumba," akasema, akijigonga kifuani.

Nilidhani ananitania. Tukakaa, tukaweka picha ya zamani ambayo ndani yake Bi Nyusi ni mjane mwenye kesi ya shamba. Nusu saa nikajizuia, ya pili ikanishinda. Nikamweleza habari ya Swafiya, mtoto wa dada yangu, anayewaosha na kuwalisha wazee kule Luton kwa viza ya kazi. Alikuwa akiingoja miaka mitano itimie apate kukaa bila kuomba ruhusa. Sasa serikali inasema huenda ikawa kumi au zaidi, na chama cha dirishani kinasema hata waliokwisha kupata wanyang'anywe.

"Swafiya ni mtoto mzuri," Chaman akasema, macho yake kwenye televisheni. "Simsemi yeye."

"Unamsema nani?"

"Wengine. Nchi imejaa, Mamudi. Kumwona daktari nangoja wiki tatu. Mimi nilikuja na pasipoti yao, sikupenya."

"Na mimi niliyelala hapa chini miezi minane nilikuwa nani?"

"Wewe ulikuwa rafiki yangu."

"Na Swafiya ni rafiki wa mtu."

Akakunja uso. Nafikiri alijua amebanwa, na Chaman akibanwa huuma. "Basi akitakiwa kuondoka aondoke. Kwani alipokuja hakujua kuwa si nyumba yake?"

Hapo ndipo niliponyanyuka. Picha ya Indu ilikuwa ukutani na taji lake la maua, na mimi nikainyoshea kidole. Nikasema, "Huyu aliosha vyoo vya uwanja wa ndege miaka kumi na moja ili wewe ukae uringie pasipoti. Afadhali alikufa. Leo angeficha wapi uso wake?"

Chaman akaisimamisha picha ya televisheni. Bi Nyusi akabaki kwenye kioo, wusi mmoja juu. "Toka," akaniambia, tena kwa sauti ya chini.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Yake yalikuwa mabaya na yangu yalikuwa mabaya zaidi, lakini ilinichukua majira mawili kulikubali hilo. Nina miaka sabini na tano, yeye sabini na saba. Nilijua kuwa mmoja wetu akifa kabla ya kusema neno, tutakuwa tumeutupa urafiki wa miaka hamsini kwa ajili ya karatasi ya dirishani. Nilijua, na sikupiga. Niliona kuwa aliyenifukuza ndiye anayetakiwa kuniita. Jeuri ya uzeeni ni mbaya, haina hata nguvu ya kujitetea.

Nikakaa Kilburn na chumba changu juu ya duka la simu. Asubuhi nilisoma habari za Nairobi, jioni za London, na katikati nilizozana na redio. Mwezi wa kumi na moja akafa Bwana Fulana. Huyu alikuwa wa kwetu, mchekeshaji wa televisheni ya Nairobi aliyecheza Jumapili jioni amevaa fulana iliyotoboka, na Chaman alimpenda kuliko Wahindi wake wote. Alikuwa ameugua mwaka mzima, watu wakimchangia kwenye simu kwa sababu hospitali ilikataa kumlaza. Siku aliyokufa, waheshimiwa walewale wasiompokelea simu wakaandika kuwa taifa limepoteza hazina. Mmoja akaahidi barabara itaitwa jina lake. Mwaka uliopita vijana walipigwa mabomu ya machozi kwa kusema kuwa hawa watu hawana haya, na mimi nilipoziona zile salamu za rambirambi niliwaunga mkono vijana kwa sauti, peke yangu, jikoni.

Niliingoja simu siku ile. Nikajiambia Chaman hawezi kunyamaza kwa Bwana Fulana. Nikala chakula cha mchana nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Usiku ukaingia na simu haijalia, nikamtukana, kisha nikalia kidogo, na sikujua namlilia yupi kati ya wale wawili.

Januari akafa Baba Kikohozi, ana miaka tisini na moja. Tulikuwa tumemwona akifa mara themanini, na hii moja ya kweli nikabaki nayo mwenyewe. Simu haikulia.

Lakini haikuwa kimya kabisa. Kulikuwa na matapeli. Mwezi wa kumi mtu mmoja alinipigia akijifanya wa benki, nikampa nusu ya siri zangu kabla sijashtuka. Swafiya alipokuja Jumamosi akanigombeza, akaichukua simu yangu akaibonyezabonyeza. "Mjomba, namba yoyote usiyoijua sasa haitalia. Itabaki imeandikwa hapa kwa nyekundu. Usiipigie. Wanataka uwapigie wao." Nikamtii. Na kweli, namba moja ya London ikawa inarudi na kurudi katika orodha ile nyekundu. Sekunde moja, imekatika. Nikamwonyesha Swafiya. Akasema, "Ndio hao. Wanapiga kidogo makusudi upate hamu ya kujua."

"Mimi hawanipati," nikamwambia. Nikajiona mjanja.

Basi turudi kwenye asubuhi ya Bi Nyusi. Ilipofika saa nne nilikuwa nimekunywa chai mara tatu. Kwenye simu walikuwa wanaonyesha picha zake za ujana, na kila picha nilikumbuka rangi niliyotumia. Nikafikiri, huyu alikuwa wa mwisho. Jambazi Kiatu alikwisha kufa zamani, na wale wadogo wadogo habari zao hatuzisikii tena. Baada ya Bi Nyusi hakuna tena wa kubipiana. Sheria yetu imekwisha kazi, na kama haitumiki leo haitatumika kamwe.

Nikajiambia, Mahmood, wewe ndiye uliyemtaja marehemu mke wa mtu. Nikachukua simu, nikatafuta jina la Chaman, nikabonyeza ili ilie mara moja nikate.

Haikulia hata hiyo moja. Mwanamke wa mashine akaniambia namba hiyo haitumiki.

Nikajaribu tena, mwanamke yule yule. Nikaketi kitandani. Mtu wa umri wa Chaman habadilishi namba. Namba yake hufungwa na watoto wake, baada ya jambo. Nikafungua orodha ya simu nitafute namba ya Amisha, bintiye, ambayo nilikuwa nayo zamani. Kwa haraka nikafungua pale pekundu.

Ile namba ya matapeli ilikuwa juu kabisa. Leo, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Sekunde moja.

Nikalinganisha saa. Habari ya Bi Nyusi mimi niliisoma saa moja na nusu. Tapeli gani anaamka na habari za Bi Nyusi? Nikashuka chini ya orodha. Namba ile ile, Januari, siku ya Baba Kikohozi. Namba ile ile, Novemba, siku ya Bwana Fulana, asubuhi na mapema, kabla mimi sijaamka. Sekunde moja, sekunde moja. Mimi niliyefundishana kubipu na mtu huyu, nilimpata ananibipu miezi mitano nikamwita mwizi.

Nikapiga.

Ilipokelewa na msichana, kwa Kiingereza cha ofisini, akataja jina la nyumba ya wazee na kuniuliza anisaidie nini. Nikamwambia naitwa Mahmood, namtafuta Chaman. Kisha akaacha Kiingereza.

"Wewe ndio Mamudi wa sinema?"

"Ndiye mimi."

"Ai, mzee. Ulikuwa wapi?" Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliniuma. "Mimi naitwa Lydia, mimi ni carer wake. Huyu hutumia phone ya reception. Anapiga, inalia mara moja, anakata, halafu anakaa hapo kwa kiti akingoja. Namwambia, mzee, wacha ilie ndio mtu achukue. Anasema hapana, huyo anajua."

"Yuko hai?"

"Yuko. Amekula uji. Alipata stroke mwezi wa kumi, lakini kichwa kiko sawa. Leo amengoja hapa tangu asubuhi. Sasa amekasirika na amerudi kwa room."

Nilivaa viatu bila soksi. Nyumba yenyewe iko nyuma ya stesheni ya Kingsbury, kituo kimoja tu kabla ya Queensbury, treni moja kutoka kwangu. Njia ile nimeipita mara elfu. Kwenye treni kijana mmoja alinipisha kiti, nikakaa na kujaribu kupanga maneno ya kuomba radhi. Nilipanga mazuri sana. Yote yalibaki kwenye treni.

Lydia alikuwa mlangoni, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, kutoka Machakos, na sare ya zambarau iliyomzidi. Akaniandikisha kwenye kitabu cha wageni. Njiani akaniambia kuwa Amisha huja kila Jumatano, kwamba yeye ndiye aliyeifunga ile namba ya zamani, na kuwa alitaka kunipigia tangu mwanzo. Baba yake alimkataza. Alimwambia, atapiga mwenyewe, tuna sheria yetu.

Chaman alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Nusu ya mdomo ilikuwa imeshuka, na mkono wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto. Amekonda. Walikuwa wamemchana nywele upande asiouzoea. Dirishani hakukuwa na karatasi yoyote. Akanitazama tangu kichwani hadi kwenye viatu visivyo na soksi.

"Umechelewa," akasema, polepole, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Picha imefika mapumziko."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamshika mkono ule mzima.

"Kisia," akasema.

"Chaman, najua ni nani."

"Sheria."

Nikavuta pumzi. "Jambazi Kiatu."

"Huyo tulimzika tukiwa na meno."

"Basi Bi Nyusi."

Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Nje kulikuwa na bustani ndogo na bibi mmoja aliyesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Chaman akasema kuwa katika ile picha ya kesi ya shamba, pale hakimu anapomwuliza Bi Nyusi kama ana shahidi, mashine ilikuwa ikikwama kila siku mahali pale pale, na yeye hakuwahi kuitengeneza kwa sababu watu walipenda kumtazama. Miaka hamsini hakuwahi kuniambia hilo. Mimi nikamwambia kuwa bango lile nilimpa wusi wa kushoto mnene zaidi, kwa sababu rangi ilinimwagikia nikaona aibu kufuta. Akasema alijua. Mombasa nzima ilijua.

Baadaye nikasema lile lililonileta. "Nilimtaja Indu vibaya. Sikuwa na haki."

"Hukuwa nayo," akasema. Hakuongeza kitu cha kunipoza, na nilimshukuru kwa hilo.

Lydia akaingia na vidonge. Alipomnywesha maji alimshika kidevu kwa kitambaa, taratibu, na Chaman akamwacha, yeye ambaye zamani hata Indu hakumruhusu kumfunga kifungo. Alipotoka, Chaman akamfuata kwa macho hadi mlango ukafungwa.

"Mwezi uliopita waliniletea karatasi ya chama," akasema. "Kura ni mwezi wa tano. Macho yangu hayasomi tena, nikamwambia Lydia anisomee. Akanisomea kwa Kiswahili. Yote. Na ile sehemu ya watu kama yeye, nani atanyimwa, nani atarudishwa. Hakuruka hata mstari. Akamaliza, akaikunja, akaniuliza nataka uji au chai."

"Ukamwambia nini?"

"Chai." Jicho moja lilikuwa linatoa machozi, na sikujua kama ni lile bovu. "Niliona haya, Mamudi. Nilitaka kukwambia, na wewe hupigi."

Nikamweleza habari ya tapeli wa benki, na Swafiya, na orodha nyekundu. Nilidhani atanitukana. Alicheka, kicheko cha upande mmoja, mpaka akakohoa kama Baba Kikohozi, na mimi nikacheka kwa kuogopa. Kisha nikakumbuka jambo nililoliona kwenye treni nikipitia orodha ile. Mlio ulikuwa mara kumi na moja.

"Waliokufa ni watatu," nikamwambia. "Fulana, Kikohozi, na huyu wa leo. Wewe umenibipu mara kumi na moja. Wale wanane ni akina nani?"

Akageuza uso dirishani.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Mimi nilikuwa juu ya duka la simu, siku zile zile, peke yangu vilevile, na simu ile ile mkononi. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Basi tulikuwa wawili," akauliza kama nimeona soksi zangu mahali.

Niliondoka saa kumi na moja, wakati wa chakula chao. Lydia alinisindikiza hadi mlangoni. Nikamwuliza amebakiza muda gani kwenye viza yake. Akasema miaka miwili, kama hesabu haitabadilishwa tena katikati, na mtoto wake yuko kwa mamake Machakos anamngoja. Akaniomba nije Jumamosi, kwa sababu Jumamosi yeye hayupo, na anayekuja hajui Kiswahili. Nikamwambia nitakuja, na nitakuja na Swafiya.

Pale reception nilimwona Chaman nyuma yetu. Alikuwa amesukumwa hadi kwenye meza, karibu na ile simu. Nilimpungia mkono. Hakunipungia, alikuwa akitafuta miwani.

Stesheni ya Kingsbury ilikuwa na upepo. Nilikuwa nimeipa ile namba jina kabla ya kutoka, kwa herufi kubwa. Treni ya Kilburn ilikuwa imebakiza dakika nne kufika. Simu ikalia mfukoni mara moja, ikakatika.

Nilitoka pale si dakika kumi. Nikafikiri ni Lydia, nikafikiri amepigwa na stroke nyingine pale mezani. Nikapiga, na simu ikapokelewa, na hakuna aliyesema kitu. Nilisikia pumzi tu, ya upande mmoja.

"Chaman?"

"Kisia," akasema.

"Nani amekufa?"

"Kisia, nimesema."

Nikamtaja mmoja wa wale wadogo wadogo, aliyecheza polisi. Akasema hapana. Treni ikaingia, milango ikafunguka, watu wakanipita. Nikamtaja mwenye sauti nyembamba aliyekuwa akiimba nyuma ya miti. Akasema hapana, na hiyo ni mbili.

Milango ikafungwa. Nikaiacha treni iende. Nilibakiwa na jina moja, na nilikuwa naogopa kulitaja.

"Ni wewe?" nikamwuliza.

"Bado," akasema Chaman. "Umeshindwa zote tatu. Kesho lete bajia."